Ukucha wa Ng'ambo

Paliondokea wanyama wa bondeni, hodari wa kutunga sheria. Hata hivyo, hakuna sheria iliyofuatwa mpaka Simba wa ng'ambo aigonge muhuri wa ukucha wake. Mpelekaji alikuwa Kenge, kwa kuwa alijua kuogelea, na kila safari mamba walimpunguza mkia.

Siku moja alipeleka gome lenye sheria ya foleni ya kisimani. Simba akapiga miayo. "Mwanangu, si niliwaambia tangu mwaka juzi mjiamulie? Mimi hata kisima chenu sikijui."

Kenge alirudi mbio na habari hizo. Ngiri, mwenyekiti wa baraza, akavimbisha mashavu. "Gome lisilo na ukucha wa Simba ni kuni tu, bwana!"

Tangu hapo Kenge hakuvuka tena. Akipewa sheria, alijilaza juani nyuma ya kichuguu, akaligonga gome kwa ukucha wake mwenyewe, akajimwagia maji, akarudi jioni akihema. Foleni ya kisimani ikanyooka, ugomvi ukaisha.

Mwaka ulipotimia, akachoka kuficha. Akaweka mguu wake juu ya alama mbele ya baraza zima. "Waheshimiwa, ukucha ni wangu. Mmejitawala mwaka mzima, na kisima hakijakauka."

Kisha Ngiri akacheka. "Kumbe tunaweza! Basi leo tunapitisha sheria: hatumwombi Simba ruhusa tena, abadani!"

Wote wakashangilia. Ngiri akamkabidhi Kenge gome jipya.

"Wahi, ndugu yangu. Na safari hii uvuke kweli, Simba aligonge mwenyewe."