Majani ya Kushusha Uvimbe

Sheria haikuwa na mzaha: aliyepeleka mti wa dawa maabara alipaswa kupeleka na mtu wa damu yake ajaribiwe. Mghoi alipopeleka majani ambayo mama yake aliyatumia kushusha uvimbe wa magoti, binti yake Wakesho alijitolea. Wakamchoma sindano ya kumvimbisha mkono, wakamnywesha maji ya majani, na kabla ya adhuhuri uvimbe ulikuwa umenywea. Watu wa maabara walishangilia.

Siku chache baadaye, Wakesho alikuwa akiosha vyombo huku akiimba. Mghoi akaona maji ya karai yamekuwa mekundu. Alipomshika mkono, alikuta kidole kimepasuka mpaka mfupa unaonekana.

"Wakesho! Huumwi?"

"Siumwi, Mama. Hata hakijavimba, tazama."

Kweli hakikuvimba, hata kilipoanza kuwa cheusi na kunuka, mpaka daktari akakikata.

Tangu hapo, kila jioni Mghoi alimkagua binti yake mwili mzima kama mtoto mchanga, akihofia atakachokikuta.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba dawa ya majani imepita majaribio na kila mtu ameruhusiwa kuinywa. Mghoi akachukua jembe, akakimbia kwenda kung'oa kichaka chake. Alikuta majani yamekwisha chumwa. Ng'ambo ya ua, jirani yake Mama Mwadime alikuwa akitembea pekupeku kwenye miiba ya mbigili, kikombe mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Mama Wakesho, Mungu akubariki! Magoti yametulia kabisa!"

Nyayo alizoacha nyuma yake zilikuwa za damu.