Kurasa Zisizofunguliwa

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Dada Kurasa alikuwa akifuta kazi aliyoifanya asubuhi.

Hakuifuta yote, mjinga hakuwa. Asubuhi aliingiza nyaraka za maelekezo ya wodini kwenye maktaba ya mtandaoni ya hospitali, mchana akaondoa chache, kesho yake akaziingiza upya kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alipomuuliza mbona kazi haisogei, alijitia hamnazo na kulaumu majedwali. Na kweli, nyaraka zile za zamani ziliingia huko zikavurugika: namba za hatua zinaanza upya katikati, picha zinahamia mwisho, jedwali la vipimo linageuka uji. Hakuna aliyembishia, maana hakuna mwingine aliyejua kuzinyoosha.

Sababu ilikuwa mama yake. Mkataba wa Dada Kurasa ulikuwa wa kibarua, wa kwisha siku waraka wa mwisho utakapoingia. Na mtumishi wa hospitali ile, hata awe kibarua, mzazi wake alitibiwa bure. Mama yake, figo zilipomgomea, alikuwa akisafishwa damu kwa mashine katika wodi iliyo ng'ambo ya uwanja, huu mwaka wa pili. Kibarua kikiisha, mashine nayo basi, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba bila mashine bibi huyu hafiki mbali. Kwa hiyo alipiga danadana, na wala hakuona haya.

Alikuwa na akili ya kuchagua. Mtambo wa maktaba ulionyesha kila ukurasa umefunguliwa mara ngapi. Kurasa za kila siku, kama ile ya kupima sukari, hakuzigusa. Wauguzi wangelalamika papo hapo. Alikwenda chini kabisa ya orodha, akaweka alama kwenye zile ambazo tangu ziingie hakuna aliyezifungua hata mara moja, akabofya "ondoa." Vichwa vyake hakuvisoma. Ukurasa usiofunguliwa na mtu, alijiambia, haumkoseshi mtu kitu.

Makaratasi nayo hayakuwepo tena ya kumsuta. Mkuu alishaamuru majalada yote yatolewe wodini yakasagwe, ili watu wasije wakasoma maelekezo ya aina mbili.

Siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameondoa za mchana, simu ya mezani ikalia. Anaitwa na mkuu. Koridoni alitunga uongo, akauacha, akatunga mwingine, na alipofika mlangoni hakuwa na hata mmoja wa maana.

Mkuu alikuwa anamenya chungwa.

"Kaa, dada," alisema bila kumtazama. "Hivi unadhani mimi sioni?"

Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Naona sana. Jioni unatoka wa mwisho. Jedwali moja unalirudia mara nne, mara tano. Kibarua mwingine angelipua tu aende zake." Alimpa kipande cha chungwa. "Nimewaambia wakubwa, maktaba hii ikishajaa itataka mtu wa kuitunza. Wamekubali. Kuanzia leo wewe ndiye mtunza kurasa, ajira ya kudumu. Nimeshaweka cheo chako mle kwenye mtambo, mtu akikwama akuulizie wewe. Mama yako ana nafasi yake pale mpaka ustaafu."

Dada Kurasa alilia mbele ya yule bwana, na chungwa mkononi. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa aibu. Nje ya mlango alizikumbuka zile kurasa alizoziondoa mchana. Angezirudisha kesho asubuhi, taratibu, mara moja na basi. Sasa hapakuwa na haraka tena. Akakata uwanja mbio kwenda kumpasha mama habari kabla hajamaliza kusafishwa.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mkono mmoja umeunganishwa na mashine kwa mipira miwili myekundu, macho yamelegea. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni, amehamia wiki hiyo. Mkubwa wake alikuwa ameenda kula.

"Mtunza kurasa," mama alirudia polepole baada ya kusikia. "Kumbe nimezaa bosi."

Walikuwa bado wanacheka mashine ilipolia mlio mrefu, ikazima. Gurudumu la kusukuma damu likasimama. Damu ikatulia ndani ya mipira.

Muuguzi alibonyeza kitufe, akabonyeza tena. Alimpigia mkubwa wake, simu ikaita bure. Akasema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba damu hiyo inatakiwa irudishwe mwilini kwa mkono kabla haijaganda, na kwamba alikotoka walitumia mashine za aina nyingine, hii hajawahi kuifungua. Kisha akashusha pumzi, akachukua tableti ukutani. Maelekezo yote yamo humu, alisema, walimwonyesha siku ya kwanza. Akaanza kuandika jina la mashine.

Dada Kurasa aliushika mguu wa mama yake. Ulikuwa baridi.

"'Ukurasa huu umeondolewa leo,'" muuguzi alisoma. "'Mwulize mtunza kurasa.'" Akainua macho, akawatazama wote wawili. "Jamani, mtunza kurasa ni nani?"

Mama aliinua mkono wake ulio huru, uso umemjaa fahari.

"Ni huyu hapa," alisema. "Mwanangu."