Mguu wa Manju Chenge

Chenge alikuwa ameshavuka lango la karakana ya miguu ya bandia, kibegi begani, na Gladness, mwalimu wake wa mazoezi, anamfuata nyuma.

"Mzee Chenge, rudi. Bado wiki mbili."

"Ngoma hainingojei, binti."

"Kutembea kwenyewe hujamaliza. Kila siku nakuambia tupande ngazi, wewe unataka nikufundishe kuanguka tu."

"Kuanguka nimefuzu. Ngazi Buhongwa hazipo."

"Na mkanda wa mguu huo ukikuachia mbele za watu?"

"Watakuwa wameona," akasema, akashika barabara.

Mguu wa kushoto aliuacha Uganda mwaka sabini na tisa, juu ya bomu la kutegwa ardhini. Kabla ya hapo alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na hakuna aliyemsogelea kwa kucheza. Aliporudi na magongo walimkalisha kitini, akawa anaimba tu, vijana wanacheza. Mwaka huu kikundi kilimwambia wazi: akishindwa mashindano ya Buhongwa, umanju anachukua mwingine.

Mayala, mpiga ngoma wake tangu ujana, alikuwa anamngoja uwanjani. Walisogea pembeni wakanong'onezana. Mayala alitikisa kichwa, akatikisa tena, mwisho akacheka.

Mashindano ni yale yale ya zamani: vikundi viwili vinacheza kwa pamoja, kila kimoja upande wake, na anayekimbiliwa na watu ndiye mshindi. Upande wa pili alikuwa Nkwabi. Mnunuzi mmoja wa pamba, hawa wa siku hizi za ruksa ya biashara, alikuwa amemkodishia jenereta na spika mbili.

"Wenzetu wamekuja na nguzo," Nkwabi akatangaza kwenye spika. "Tuwasaidie kuchimba shimo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Chimba," Chenge akajibu kwa koo lake. "Nitafungia ng'ombe wa ushindi."

Wimbo wa kwanza, watu wote kwa Nkwabi. Wa pili, Chenge akabakiwa na wazee wachache na mama mmoja muuza viazi. Wa tatu akaingia katikati mwenyewe, akatikisa mabega, akazunguka. Mdundo wa ngoma ukakatika. Mguu ukachomoka, ukatua mbali kwenye vumbi, na mwenye mguu akaenda chini kifudifudi.

Kina mama wakashika vichwa. Waliokuwa mbele ya spika wakaja mbio, wanakanyagana. Chenge akajiinua kwa mguu mmoja, wimbo haujamtoka mdomoni, akarukaruka kuufuata ule mwingine, akauinua juu ya kichwa, akacheza nao kama anacheza na mtu. Uwanja mzima ukahamia kwake. Nkwabi akabaki na jenereta.

Ng'ombe alichinjwa siku ile ile. Nkwabi alirudisha spika, akaacha ngoma, akafungua kibanda cha video Kirumba. Gladness alipopata habari alilia, akashona mkanda mwingine mnene akautuma Buhongwa. Chenge alimshukuru sana, akaufanya kamba ya mbuzi. Alikufa akiwa manju. Msimu ule ule wa Buhongwa mguu ulimtoka tena Magu, ukamtoka Ngudu, ukamtoka Misungwi, daima kwenye wimbo wa tatu, na kila mara Mayala alikuwa ameshaondoa mikono kwenye ngoma kabla haujachomoka.