Yai Ndani ya Rejeta

Fundi Mbwiga alifungua mfuniko wa rejeta, akaingiza kidole. Kilitoka na kipande cheupe cha yai lililoiva.

"Kuna mtu aliziba tundu kwa yai, dada," alimwambia Zamoyoni, mwenye gari. "Hiyo ni dawa ya kuuzia tu."

Kaka yake Shomari, aliyemuuzia gari hilo kuukuu, akajifanya anakagua tairi. Yai alilivunja mwenyewe, asubuhi ya kumkabidhi funguo.

"Maskini kaka yangu, kumbe nawe uliingizwa mkenge!" Zamoyoni alisema. "Aliyekuuzia Mungu anamwona."

Fundi alimpa Shomari jagi la maji amimine, waone panapovuja. Akamimina. Maji yalidondoka uvunguni, yakatambaa mpaka kwenye kandambili zake, naye hakusogeza miguu.