Samaki Asiye na Kichwa

Wiki mbili baada ya kumzika mama, nilifungua mkebe wa jodari nijaribu ile saladi aliyojifunza alipokuwa mpishi wa Wazungu kule Kitisuru. Niliponda viazi na mayai ya kuchemsha, nikakoroga na mayonezi mpaka ikawa laini.

Nilionja mara tatu. Kuna kitu kilichopungua, na wa kumwuliza hayuko tena.

Baba hakuwahi kuigusa mbele yetu. “Samaki asiye na kichwa si samaki, Peres,” alikuwa akimwambia mama kila Jumapili.

Sasa aliingia jikoni, akachota kwa kidole, akatafuna polepole.

“Umesahau ndimu,” alisema. “Na yangu usiilete mezani. Mama yako alikuwa ananiwekea kabatini.”