Dungusi la Marehemu

Daktari wa maua aliliminya dungusi kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

"Maji," alisema. "Mama, umelinywesha kupita kiasi. Linaoza."

Mjane aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Dungusi, mmea wa miiba wa nchi kavu, lilikuwa la marehemu mumewe, refu kumshinda yeye, limesimama pembeni mwa sebule tangu walipooana. Kabla ya kukata roho, mume alimshika mkono akamwachia maneno mazito juu ya mmea ule, na mjane si mtu wa kuvunja ahadi.

"Daktari" lilikuwa jina la utani tu la mtaani, lakini mwenyewe alilichukulia kwa dhati. Alijigamba kwamba hajawahi kumzika mgonjwa, na hakuwa tayari kuanza na huyu. Alikata palipooza, akapakaza unga wa mkaa, akamtuliza mjane kuhusu shina la chini: ile ngozi ngumu ya kahawia si ugonjwa, ni uzee. Kisha akamweleza makosa yanayoua madungusi yaliyozeeka. Mjane alisikiliza kwa makini, akauliza lipi ni baya kuliko yote. Daktari akamwambia ni kuliweka gizani.

Aliporudi alilikuta stoo, nyuma ya kabati, limepauka.

"Nilihofia jua litaliunguza kidonda," mjane alisema.

Daktari alimwonea huruma. Mapenzi yamemzidi, maskini. Akalisogeza dirishani, akaonya kwamba mbolea ingelimaliza kabisa. Safari iliyofuata udongo ulikuwa unanuka mbolea mpaka mlangoni.

Kila alipokuja alimkuta pia fundi cherehani wa jirani, mzee mtaratibu ambaye hakukosa kumsindikiza nje. Huko humwuliza kwa sauti ya chini kama kweli mgonjwa atapona.

"Tusikate tamaa, mzee," daktari humjibu, na mzee hushusha pumzi ndefu.

Mwishowe uozo ukapanda hadi katikati. Daktari aliomba akaliuguze nyumbani kwake, na mjane akakubali hata kabla hajamaliza sentensi. Baada ya miezi kadhaa akampigia simu. Kwa kuwa alitaka kumshtukiza kwa furaha, alimwambia tu kwamba shina lile limekufa, na kwamba Jumamosi atapita. Mjane akamshukuru kwa sauti iliyotetemeka.

Jumamosi alikuta viti vimepangwa hadi uani, jamaa wamejaa, masufuria yanachemka. Fundi cherehani alikuwa ndani ya suti mpya, machozi yamemlenga machoni. Daktari aliguswa sana. Hakujua kama mmea unaweza kuliliwa na watu wengi namna hii.

Akafunua sinia. Vipandikizi vya kijani, vinene, kila kimoja ndani ya kopo lake, vimekwishashika mizizi.

"Shina lilikufa, mama, lakini ncha zake niliziokoa. Ni dungusi lile lile la baba. Hivi sasa halifi tena, litatuzika sisi sote."

Mjane aliangua kilio. Daktari akatabasamu, akangoja shukrani. Lakini mjane alikuwa amemgeukia fundi cherehani.

"Kavue suti, mwenzangu," alisema. "Nilimwapia marehemu kwamba sitaolewa maadamu dungusi lake li hai."