Nafasi ya Tatu

Nilikuwa juu ya ngazi nikitia kioo kwenye dirisha la darasa la binti yangu, naye akipanga vizibo vya soda mezani kutunga mdundo wake. Kila kizibo kilikuwa kupiga makofi mara moja. Nafasi ya tatu akaiacha wazi.

Mwalimu akaweka kizibo hapo. "Umesahau."

"Hapo ni kimya, mwalimu." Akakitoa.

Mwalimu akakirudisha kwa kishindo. "Kichwa kigumu! Nani kakufundisha ubishi?"

Darasa likacheka. Binti yangu akaficha mikono chini ya meza.

"Mwache apige alivyopanga," nikasema.

"Fundi, shughulika na kioo chako."

Nikashuka. Nikakichukua kile kizibo, nikakitia mfukoni.

"Sasa kamwite mkuu wako," nikamwambia. "Piga, mwanangu."